Mwenye Sauti Alikuwa Kiti cha Mbele

Wanaonisifu kwa utunzi wananikera, maana wimbo ulionipa jina Ifakara miaka ile ya tisini niliuokota kwenye banda la video pale Kibaoni. Filamu ya Kihindi, au ndivyo tulivyoamini. Kijana wa masharubu aliimba juu ya farasi mpaka nikatoka na machozi. Nikarudi kuitazama hata zikatimia mara nne. Kisha ule wimbo nikautia maneno ya Zaburi, nikaifundisha kwaya yangu ya parokia, na padre aliponiuliza wimbo nimeutoa wapi, nikajibu bila kupepesa macho, "Umenijia shambani, Baba, nikipalilia mpunga." Walimu wa kwaya bondeni wote tulikuwa hivyo hivyo. Wahindi wako mbali, nani angekuja kudai?

Siku ya mashindano zilikuja kwaya hata za Mlimba, kwa treni. Mshindi angepelekwa Dar es Salaam kurekodi redioni, na sharti lilikuwa moja: wimbo uwe umetungwa na mwalimu mwenyewe. Kwaya yangu ilikuwa haijawahi kushinda hata kuku. Kwenye kiti cha mbele walimweka fundi mmoja Mhindi wa mashine za kukoboa mpunga, mzee mpole aliyetutengenezea jenereta ya kanisa. Tulipofika kwenye kiitikio, mzee akasimama. Midomo yake ikawa inakwenda, lakini haikufuata maneno yetu.

Majaji walipoanza kujumlisha alama, nikamfuata nje. "Shikamoo, fundi. Tumekuudhi?"

"Marahaba, mwalimu. Huo wimbo nimeutunga mimi."

Jamani! Nikacheka, kumbe ni hofu. Nikamwambia aliyeuimba nimemwona kwa macho yangu haya mawili, ana masharubu na farasi.

"Yule anachezesha mdomo tu. Sauti ni yangu."

Akanieleza taratibu. Kwa miaka mingi alitunga na kuimba nyimbo za filamu za Kikannada, lugha ya kwao kusini mwa India, wala si Kihindi, amejifungia kwenye chumba kisicho na dirisha, huku watu wakimshangilia mwingine barabarani. Siku mwigizaji yule alipotaka sauti changa zaidi, hakuna aliyemwita tena. Akajifunza mashine, akamfuata shemeji yake Afrika. Ule mkanda wa video alimpa mwenye banda yeye mwenyewe, angalau wimbo wake usikike.

Mama yangu! Mara zote nne nimemlilia mwanamume ambaye hakutoa hata pumzi! Mwenye pumzi ndiye huyu, kucha zimejaa grisi, na mimi nimemwibia mbele ya uso wake. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Wewe shinda tu, mwalimu," akasema. "Mimi nimezoea."

Nimezoea! Afadhali angenitukana.

Tukarudi ndani, yeye akaketi kwenye kiti chake cha mbele, na kwaya yangu ikatangazwa ya kwanza. Wanakwaya wangu wakapiga vigelegele, mama mmoja wa sauti ya pili akagaragara chini na kitenge chake kipya. Padre akanipa kipaza sauti, akataka nieleze kidogo juu ya utunzi wangu. Nikawatazama wale akina mama, safari ya Dar imeshawajaa usoni.

"Baba, nilidanganya," nikasema. "Mtunzi ni yule pale." Nikanyoosha mkono.

Fundi akageuka nyuma kutazama ninamwonyesha nani.