Chetezo Ofisini kwa Karani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ofisi ya elimu hapa Bagamoyo. Mbele yangu mwalimu wa kemia, mama wa makamo, aliomba feni ya kutoa nje mvuke wa asidi maabarani.

"Fungueni madirisha," alisema karani bila kuinua kichwa.

"Yote yanatazama baharini, bwana. Upepo unaturudishia mvuke usoni."

"Basi vumilieni."

Mama akatoa chetezo kikapuni, akaomba makaa kwa muuza chai wa pale nje, akatia udi, akakiweka dirishani pa karani. Upepo wa bahari ukamwingizia moshi wote.

"Ondoa, mama!" alikohoa.

"Huu ni udi tu, mwanangu. Wanafunzi wangu wanavuta asidi."

Ombi likaandikwa palepale, karani machozi yanamtoka. Walimu wenye maabara kama hiyo, vyetezo mnavyo nyumbani.