Baridi Aliyoiandika Mtafiti

Mtafiti alikuja kwetu Dundori siku tuliyokuwa tukichagua viazi vya mbegu. Alikuwa msichana kutoka chuo kimoja cha Nakuru, akizungukia nyumba zenye watoto wanaosoma ng'ambo. Dada yangu mkubwa alikuwa amemaliza miezi saba Kanada, akisomea uuguzi.

Mama alimkaribisha chai, akajibu maswali yake kwa furaha, hadi likafika hili:

"Mama, shida kubwa ya msichana wako huko ni ipi?"

"Ni baridi tu. Kila akipiga simu ni baridi. Nimeshamfumia sweta."

Mtafiti akaandika: hali ya hewa. Niliona, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika.

Mimi niliijua baridi hiyo. Jumapili moja, mama akiwa kanisani, dada aliniambia kwa simu, "Nikisema baridi usidhani ni theluji. Wiki ya tatu hii, hakuna mtu ameniita jina langu. Lakini usimwambie mama."

Mtafiti alieleza kwamba majibu yangepelekwa vyuoni, na kwamba mwanafunzi aliyelemewa angeweza kutafutiwa Mkenya anayeishi karibu naye, awe anamtembelea. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, una la kuongeza?"

"Huyo?" mama akasema. "Huyo hata kuku akimwangalia anainamisha kichwa."

Wakacheka, nami nikacheka. Kwetu mdogo hamsahihishi mzazi mbele ya mgeni. Tena mimi niliishia darasa la nane, na mtafiti alikuwa na karatasi zake. Ndivyo nilivyojiambia. Baadaye nilimsindikiza hadi barabarani, sisi wawili tu, mwendo wa kutosha kusema kila kitu. Nikamwonyesha mahali penye matope. Basi.

Dada alirudi kabla ya kumaliza masomo. Mama huwaambia majirani kwamba baridi ilimshinda. Juzi tukikama, dada alisema bila kuulizwa, "Angekuja mtu mmoja tu, hata mara moja kwa mwezi, ningemaliza."

Nikaendelea kukama. Bado sijamwambia kwamba aliyeweza kumtafutia mtu huyo alikunywa chai kwetu, na kwamba mimi ndiye niliyemmiminia.