Pini ya Hamsini

Duka langu la betri na karakana ya jirani yangu vimetenganishwa na ukuta wa mabati, na mabati hayajui kutunza siri. Kwa miaka ishirini na mbili nimesikia kila kilichotendeka upande ule: nyundo, cherehani, vikohozi, vicheko, ugomvi wa nani kaacha kopo la gundi wazi. Kwa hiyo nikisema namjua Bwana Dari, sitii chumvi.

Jina hilo tulimpa sisi majirani. Kazi yake ilikuwa kubadilisha madari ya magari ya zamani, yaani kile kitambaa kilicho juu ya kichwa chako ndani ya gari, ambacho hukitazami mpaka siku kinapokuangukia machoni ukiwa barabarani. Magari ya siku hizi dari lake ni ubao uliofunikwa sponji; unautoa, unaurudisha, umemaliza. Ya zamani ni kazi nyingine kabisa. Yana vyuma vitano vyembamba vilivyopindwa, kila kimoja na mkunjo wake, na kitambaa hushonwa mifereji mitano mgongoni ili vyuma hivyo vipite humo. Ukishavipachika, unavuta kitambaa mbele, unavuta nyuma, unavuta pembeni, unabandika kingo kwa gundi, mpaka kiwambike kisibaki na mkunjo hata mmoja. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja avute, mwingine abandike.

Huyo mwingine alikuwa mke wake. Yeye ndiye aliyeshona, mume akapachika. Yule tulimwita Mama Hesabu, kwa sababu ya pini zake. Alikuwa na kopo la bati lililowahi kuwa la peremende, na ndani yake pini hamsini zenye vichwa vyekundu, za kushikizia kitambaa kabla ya kushona. Kanuni yake haikuwa na mjadala: zinatoka hamsini, zinarudi hamsini, na gari haliondoki uani mpaka hesabu itimie.

Kanuni hiyo ilizaliwa na kichwa cha mwalimu mkuu mmoja mwenye upara. Alichukua gari lake asubuhi akiwa na furaha tele, akapita kwenye shimo la kwanza barabarani, na saa sita akarudi na plasta utosini. "Fundi," akasema, "dari lako lina nyoka." Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mama Hesabu hakucheka. Kuanzia siku hiyo alihesabu pini kwa sauti, na wateja wenye haraka walisubiri wakinuna.

Nao walikuwa na gari lao wenyewe, dogo, la rangi ya maziwa, walilonunua mwaka waliooana. Dari lake lilikuwa limelegea kuliko madari yote yaliyowahi kuingia uani pale. "Bwana Dari," mke alikuwa akimwuliza, "na sisi tutafikiwa lini?" "Kesho, Mama Kadogo. Wateja kwanza." Kesho hiyo ilidumu miaka tisa. Mwishowe mwanamke akachukua pini kumi na moja kutoka koponi, akaliinua lile dari mwenyewe na kulishikiza. Tangu hapo, kila alipohesabu mbele ya wateja, alimalizia hivi: "Thelathini na tisa koponi, kumi na moja kwenye gari la fundi wa madari. Hamsini." Wateja walicheka. Bwana Dari alijitia kutafuta bisibisi.

Miaka mitatu iliyopita, Jumanne moja, Mama Hesabu alivua aproni yake, akaitundika nyuma ya mlango, akasema kichwa kinamwuma na anakwenda kujinyoosha kidogo. Hakurudi karakana tena. Alhamisi tulimzika.

Baada ya hapo Bwana Dari alikataa madari. Alibaki na viti na mazulia, kazi za mtu mmoja. Stuli ya mkewe aliipandishia marobota ya vitambaa, nadhani ili isionekane tupu. Chakula alikula amesimama. Cherehani aliifunika shuka, na aproni ikabaki pale pale nyuma ya mlango. Alipofungua mlango ule aliufungua kwa upole, isije ikayumba. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kwenye ukuta. Siku nyingine, katikati ya kazi, nilimsikia akisema, "Shika hapo." Kisha kimya. Kisha nyundo, taratibu. Mimi ninayesifika kwa mdomo usio na breki sikuwahi kwenda kumwuliza neno. Niliongeza sauti ya redio. Sijivunii hilo.

Binti yao mmoja tu, Kadogo, ambaye sasa ni mrefu kuliko baba yake, ni muuguzi katika mji mwingine, safari ya saa nane kwa basi. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mwaka huu akahamishiwa zahanati ya mbali isiyo na usafiri wa kueleweka. "Baba, lile gari letu limekaa tu," akasema. "Ungenipa?" Simu ya mzee iko kwenye spika siku zote kwa sababu sikio moja limechoka, kwa hiyo nilisikia yote. Alijibu hapo hapo, bila kuvuta pumzi: "Lichukue, mwanangu. Ni lako." Simu ilipokatika alitoka, akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akakaa humo mpaka nilipofunga duka.

Kadogo angekuja Jumamosi. Bwana Dari akaapa kwamba gari halitamfikia mtoto likiwa na dari la pini. Ahadi aliyomnyima mama, atamtimizia binti. Lakini kutimiza ahadi hiyo kulimaanisha kuzing'oa zile pini kumi na moja kutoka mahali mkewe alipozichoma kwa mkono wake, kisha kulitazama gari likitoka getini. Hakukuwa na kitu kingine uani pale ambacho walikuwa wamekikalia pamoja, ubavu kwa ubavu, kila siku.

Jumatatu alizing'oa. Jumanne akaifunua cherehani. Kiti cha cherehani kilikuwa kimewekwa kwa kimo cha mkewe, magoti ya mzee yakagota kwenye meza, lakini hakukirekebisha. Mfereji wa kwanza ulikwenda kombo, akaufumua. Wa pili nao. Nilimsikia akijitukana kwa adabu, kama mtu anayejua kuna anayemsikiliza.

Jumatano akaniita. "Jirani, una mikono?"

"Ninayo miwili, mzee, lakini haina adabu."

"Itatiwa adabu. Njoo."

Nikaingia kiti cha nyuma. Vyuma vitano vilikuwa tayari vimepachikwa, kitambaa kinaning'inia, kioo cha mbele kimetolewa mpira wake. Gundi ilikuwa inanuka hadi machoni. Akavuta upande wake, akasema, "Shika hapo." Nikashika. Akageuka kunitazama, na nikaona macho yake yamejaa, na mimi yangu hayakuwa mbali. Kisha akasema kwa ukali, "Usishike kama unamkamata kuku. Kwa viganja!" Tukaendelea.

Alhamisi mchana kazi ilikwisha. Akapitisha mvuke wa birika kwenye mikunjo midogo iliyobaki, ikanyooka. Sijawahi kuona dari zuri kama lile. Ukifunga milango, kelele zote za barabara zilibaki nje. Nikampongeza, nikamwambia sasa apumzike. Akasema bado pini.

Akamimina kopo juu ya meza. Zilizokuwa koponi, thelathini na nane. Za kwenye dari la zamani, kumi na moja. Akahesabu tena. Arobaini na tisa.

"Imebaki ndani," akasema.

Akafungua ukingo wa nyuma, akapapasa. Hakuna. Ijumaa asubuhi nikamkuta amelishusha dari zima, amelitandaza uani, anapitisha sumaku inchi kwa inchi. Hakuna. Akang'oa viti. Akainua mazulia. Nikaingia karakana kumtafutia tochi, na mlango ulipojifunga nyuma yangu nikakutana uso kwa uso na aproni. Upande wa kushoto wa kifua, palipofifia kwa kuchomwa mara elfu, kilikuwepo kichwa chekundu kimoja. Mama Hesabu alikuwa na desturi hiyo: pini moja ilikaa kifuani siku nzima, ya dharura, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kurudi koponi. Jumanne ile aliyoumwa kichwa hakuhesabu.

Nikatoka na tochi. Bwana Dari akanitazama, nikamtazama. Nilijua, na nikajua kwamba anajua. "Umeona chochote?" akaniuliza. "Giza, mzee," nikasema. Siku hiyo mdomo wangu ulipata breki.

Jumamosi Kadogo alishuka na begi moja, akamkumbatia baba yake kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na simu. Akaliona gari: viti uani, dari limelala juu ya turubai.

"Baba! Si ulisema liko tayari? Jumatatu niko zamu."

"Pini moja haijaonekana."

"Pini?"

"Kanuni ya mama yako unaijua. Gari haliondoki."

"Baba, mimi sina upara."

Nilicheka peke yangu nyuma ya mabati. Lakini mtoto ni wa mama yake. Akapandisha mikono ya blauzi, akapiga magoti, akaanza kutafuta. Walitafuta mchana kutwa. Walizungumza zaidi kuliko walivyozungumza kwenye simu zote za Jumapili nikiziweka pamoja. Akamwambia habari za zahanati, za mgonjwa aliyetoroka na shuka, za chumba chake chenye dirisha lisilofunguka. Mzee akacheka mara mbili, nilihesabu. Basi la jioni likapita, Kadogo hakulipanda, akalala chumba chake cha zamani.

Jumapili asubuhi nilikwenda kuwasaidia kulirudisha dari. Niliwakuta karakana. Kadogo alikuwa amesimama mbele ya mlango wenye aproni, hagusi kitu, ameweka vidole kwenye shavu lake la kulia.

"Nikitoka shule alikuwa ananikumbatia," akasema, "nayo inanichoma hapa. Kila siku nalalamika, na kila siku anasahau." Akamgeukia baba yake. "Baba, huku uliangalia?"

"Hapana."

"Ulijua?"

"Tangu Alhamisi," akasema mzee. "Nilitaka ukae kidogo. Na gari nalo likae kidogo. Likiondoka, Kadogo, mimi hapa nabaki na nini?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa kuyasikia yasiyonihusu. Mtoto angeweza kuichomoa ile pini mwenyewe. Ilikuwa mbele ya macho yake. Hakuichomoa. Alivuta stuli ya mama yake, akashusha marobota chini, akaketi.

"Sichukui gari ambalo hesabu yake haijatimia," akasema. "Ukitaka likae, nitapanda basi. Sitakasirika."

Bwana Dari akasimama mbele ya aproni. Mkono ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena. Aproni iliyumba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Akaichomoa ile pini, akaipeleka mezani, akaidondosha koponi. Ilitoa mlio mdogo sana.

"Hamsini koponi," akasema. Alingoja kidogo, mahali pale tulipozoea kusikia la pili. "Kwenye gari la fundi wa madari, hakuna."

Tulirudisha dari sote watatu. Kadogo alivuta, baba akabandika, mimi nikafukuzwa mapema kwa kosa la kushika kama namkamata kuku. Saa nane gari lilikuwa na viti, mazulia na kioo. Kadogo akaketi kwenye usukani, akatazama juu, akapitisha kiganja kwenye kitambaa chote kutoka mbele mpaka alipoweza kufika. Kisha akashuka tena kumuaga baba yake, safari hii kwa mikono yote miwili.

Akashtuka. "Aa!" Akashika shavu.

Kwenye shati la mzee, upande wa kushoto wa kifua, palikuwa na kichwa chekundu.

"Kanuni ilisema zitoke zote garini," akasema Bwana Dari. "Haikusema zote zikae koponi."

Kadogo aliliegemeza tena shavu pale pale, makusudi, akalia kwa sauti, mtu mzima na vyeti vyake vyote. Kisha gari likatoka getini, likakata kona kwenye duka la mkate, na hatukulisikia tena.

Nilimwuliza mzee kama angependa kuja kuketi kwangu. Akasema labda kesho. Alisimama mahali lilipokuwa gari, pembe nne za ardhi kavu zenye doa la mafuta katikati, akagusa kifua kuhakikisha pini ipo, akaingia ndani kuzihesabu zile arobaini na tisa.