Nusu ya Kidonge

Butoyi, fundi wa kuchomelea milango ya vyuma kule mtaani Buyenzi, hakuwahi kununua kioo. Kioo chake kilikuwa pacha wake, Bukuru, aliyemtangulia kuzaliwa. Mwaka huu kioo kikaanza kubadilika. Uso wa Bukuru ulipauka, fizi zikavuja damu, madoa ya zambarau yakatokea mikononi bila kujigonga. Kila asubuhi Butoyi alimtazama akajiona mwenyewe akifa taratibu.

Dokta Consolate alisema ni saratani ya damu. Butoyi, mtu wa haya, akauliza kwa sauti ndogo mbona yeye hana. Daktari akamweleza kwamba chembe za mwili hufuata maagizo kama yaliyoandikwa kitabuni, na kitabu chao ni kimoja, neno kwa neno. Ila katika damu ya Bukuru, kurasa zinazozuia chembe zisizaane ovyo zimefungwa. Hazikuchanika, zimenyamazishwa. Vidonge alivyomwandikia vingezifungua polepole.

"Na zangu?"

"Zako ziko wazi," daktari akasema. "Mpaka sasa."

Maneno hayo yalimfuata hadi karakana. Akichomelea, alihisi ndani ya mifupa kitu kikijifunga, ukurasa baada ya ukurasa.

Mama yao, Khadidja, alikuwa na desturi yake. Tangu utotoni, pacha mmoja akiumwa, wote wawili walikunywa dawa. Aliamini kwamba pacha aliyenyimwa angekasirika, na mgonjwa asingepona. Basi kila kidonge alikikata kwa kisu, nusu huku, nusu kule. Butoyi alimeza wiki baada ya wiki, na kusema kweli, alimeza kwa hofu yake mwenyewe pia.

Vipimo vilivyofuata vilikuwa vibaya. Daktari aliushika mkono wa Butoyi akakuta madoa yale yale. Akawatazama kwa zamu, kama asiyejua tena mgonjwa ni yupi. Butoyi akakiri. Akaambiwa kwamba nusu haimfungulii Bukuru chochote, na yeye Butoyi inamharibia damu isiyo na kosa.

Kesho yake mama aliposhika kisu, Butoyi alikifunika kidonge kwa kiganja.

"Leo apana, mama. Ni ya Bukuru yote."

"Unataka kumuua ndugu yako?"

"Mi nilikuwa namuua tayari, nusu nusu."

Bukuru akatabasamu kwa taabu. "Tangu tumboni we unakula vyangu. Leo umeshiba?"

Akameza kidonge kizima. Mama akageukia ukuta asione. Butoyi alikaa mikono mitupu, na mdomoni mwake, ambamo hakuwa ametia kitu, uchungu wa dawa ukaenea polepole.