Maua Niliyoyang'oa Kwenye Tungule za Mama

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mvua ya mwaka ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapumzika saa tatu, kisha ikarudi kwa hasira. Ua wote umejaa maji na bata wa jirani ndio wenye furaha.

Sikukusudia kuandika mengi leo. Daftari hili naliandikia mambo madogo tu: nani kaja, nani mgonjwa, tumepika nini. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, na hati yangu hata mwenyewe hunishinda kuisoma. Lakini asubuhi mvua ilipopumzika, mjukuu wangu Rukia alikwenda kupalilia mchicha, nikasikia akiniita, "Bibi! Huku kuna ua la manjano limejiotea kwenye tungule. Niling'oe?"

Nilipotoka nilimkuta keshalishika shina. Nikashika nguzo ya baraza.

"Liache," nikamwambia.

"Ni gugu tu, Bibi."

"Nimesema liache, mwanangu."

Akaliacha, akanitazama kama mtu aliyeona jini. Nikajua leo nitalazimika kuandika.

Wenzangu mliokulia huku kwetu kati ya Msambweni na Diani, miaka ile ya hamsini, mtanisahihisha nikikosea, kwa kuwa mambo haya nayaandika kwa kumbukumbu ya mtoto wa miaka tisa. Mnakumbuka barabara ilikuwa vumbi jekundu, na gari likipita tulilikimbilia tupate kunusa ule moshi wake. Asubuhi tulikwenda skuli, alasiri chuoni kusoma Kurani, na katikati tulicheza mdako kwa korosho mbichi mpaka vidole vikababuka kwa utomvu wake. Njaa ikituuma tulichuma mabungo mwituni, na midomo ikawa ya manjano hata tukakosa pa kujificha. Mtu mzima yeyote alikuwa mzazi. Ukimpita bila shikamoo, habari ilifika nyumbani kabla yako. Siku hizi mtoto anakupita na waya masikioni, ukimwamkia wewe mkubwa anashtuka. Lakini na sisi tulikuwa na yetu. Nitayasema.

Baba alipomwacha Mama, Mama alirudi kwao, kwa kaka yake, Mjomba Salimu. Huku kwetu wakati ule ardhi ilikuwa ya upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba alikuwa akifanya kazi ya reli huko Mackinnon Road, akija nyumbani baada ya miezi miwili, mitatu. Alimpa Mama kipande cha shamba karibu na kisima, akamwambia, "Lima ule na mwanao. Nikiona hakilimwi, kitarudi." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto sita, na upande wake wa shamba ulikuwa mchanga mtupu.

Kwenye kipande kile Mama alipanda mchicha, mabamia, mabilingani na tungule, ambazo wajukuu zangu wanaziita nyanya kama watu wa bara. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji jioni. Naikumbuka mpaka leo ile harufu ya udongo mkavu ukipokea maji, na joto lake likipanda nyayoni.

Na kati ya kila mstari wa tungule Mama alipanda maua.

Mbegu alipewa na mke wa mwenye duka kule Msambweni, mama wa Kihindi ambaye Mama alikuwa akimpelekea mabilingani. Siku moja yule mama aliyaona mabilingani yametobolewa na wadudu. Akaingia ndani, akatoka na shada la maua makavu lililokuwa limetundikwa mlangoni kwake. Akalifikicha kiganjani. "Panda kando-kando, mama," alisema. "Dudu hapana penda hii." Kwa hiyo sisi tuliyaita maua ya Kihindi, ingawa jina lake hasa sikulijua. Yalikuwa ya manjano iliyoiva, mviringo kama kaimati, na harufu kali. Si nzuri wala si mbaya. Ukiyashika inakaa mkononi hata siku mbili.

Je, yalifukuza wadudu? Hapa niwe mkweli. Mwaka ule tungule za Mama zilikuwa safi, na mabilingani ya upande usio na maua yaliliwa. Lakini upande ule ulikuwa chini ya mkorosho, hauna jua, na Mama hakuunyunyizia jivu kama upande wa pili. Sithubutu kuapa. Mama mwenyewe alisadiki, na hiyo ndiyo nayoijua.

Sasa nimtaje mkaza mjomba, yaani mke wa Mjomba Salimu. Jina lake Mejumaa, Mungu amrehemu. Watu walikuja kumsema vibaya, basi kwanza niseme wema wake. Nilipougua surua, ni yeye aliyenilaza mapajani siku tatu Mama alipokuwa naye anaumwa. Alitoka Mkongani, kwenye ukoo wa wakulima hasa, na kwa watu wa kwao ardhi ilikuwa ya chakula, basi. Alipoyaona maua alicheka, akasema, "Wifi, maua hayaliwi."

Mama akamjibu, "Hayaliwi, wifi, lakini yanalinda viliwavyo."

"Haya. Mimi nitakula mhogo wangu, wewe utanusa."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wakipika jiko moja, wakikuna nazi kwa zamu kwenye mbuzi mmoja. Utani wa mawifi mnaujua.

Lakini siku moja, jua la kaskazi limekaza, nilikuwa nacheza mdako nyuma ya jiko nikamsikia mkaza mjomba akizungumza na jirani, Bi Fatuma. Bi Fatuma alimwuliza mumewe anakuja lini.

"Ijumaa," akasema mkaza mjomba. "Na akiyaona yale maua, wallahi, kile kipande kitarudi. Yeye kasema ni cha kula."

Leo nikiyapima maneno yale, huenda alikuwa akimwonea wifiye huruma. Huenda alikuwa akisema tu, kama wanawake wasemavyo wakichambua mchele. Mimi sikusikia huruma. Nilisikia kwamba tutafukuzwa kwa sababu ya maua.

Mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda matangani Diani, arudi kesho yake, Alhamisi. Kama angekuwapo ningemwambia. Au nasema hivyo kujipa faraja, sijui.

Alasiri ile sikwenda chuoni. Niliingia shambani, nikayang'oa maua yote, mstari kwa mstari. Nilijiona nimeokoa nyumba yetu. Sikujua kwamba mizizi ya maua na ya mitungule ilikuwa imeshikana chini kwa chini, na udongo umekauka kama tofali. Nikivuta ua, mtungule unainuka nao. Nilipoona miwili imelala nikaishindilia kwa kisigino, jinsi nilivyoona watu wakishindilia miti ya mhogo. Nikavuta tena. Maua nikayatupa kichakani. Nikanawa kwa maji, nikanawa kwa mchanga, nikanawa kwa ndimu.

Mama alirudi Alhamisi alasiri. Mitungule ilikuwa imeinamisha vichwa, na tungule mbichi zinaning'inia kama vifungo vya nguo iliyochakaa. Alisimama pale kwenye ukingo wa shamba, bado na kanga zake za matangani. Bi Fatuma alikuwa kisimani. Akaweka ndoo chini, akasema, "Haya si ya mbuzi, Mwanatumu. Haya ni ya mtu. Nani alikuwa hayataki maua yako hapa?"

Mama akasema, "Sijui."

"Unajua," akasema Bi Fatuma.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yao. Nilikuwa na mdomo. Sikusema.

Jioni tulikaa kula, Mama, mkaza mjomba na sisi watoto, kwenye sinia moja kama desturi. Ilikuwa sima ya mhogo na mchunga, mboga ile chungu. Nilipopeleka mkono kwenye sima, Mama aliukamata. Aliuleta puani, akaunusa. Kisha akaurudisha pale pale kwenye sinia, polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Kula," akasema.

Ijumaa Mjomba Salimu alifika baada ya sala, na Bi Fatuma alikuwa amekwisha kumfikia njiani. Tuliitwa sote uani. Mjomba alikuwa amekasirika, na haki yake alikuwa nayo: mtu katoka mbali, anapokewa na habari ya fitina nyumbani mwake. Akamgeukia mkewe.

"Mejumaa, umeng'oa mimea ya dada yangu?"

"Sikugusa hata jani," akasema mkaza mjomba. "Nilisema hayaliwi. Kusema nilisema. Kung'oa sikung'oa."

"Nani basi? Watu wote wanasema ni wewe."

Huku kwetu mke aliyeharibu mazao ya dada wa mumewe alikuwa amevunja nyumba. Angeweza kurudishwa kwao siku ile ile, na mkaza mjomba alilijua hilo. Watoto wake sita walikuwa wamesimama pale wakimtazama baba yao. Mimi nilitazama mikono yangu.

Mama akasema, "Kaka, mwachie mkeo. Nimeng'oa mimi."

"Wewe? Ulikuwa matangani!"

"Niling'oa kabla sijaondoka. Niliona ulivyosema ni kweli, shamba ni la kula. Nikavuta vibaya, yakaondoka na tungule."

Nadhani Mjomba hakuamini. Lakini neno la mtu mzima mbele ya watu lilikuwa limesimama, na Mama alikuwa amempa njia ya kutoka bila kumwaibisha mtu. Isipokuwa yeye mwenyewe.

"Mwanatumu," akasema mwishowe, "kama unapanda na kung'oa kwa kubahatisha, ardhi hii haiwezi kukungojea. Shamba la kula si shamba la kunusa. Mejumaa atapanda mhogo."

Ikawa hivyo. Simlaumu Mjomba. Aliambiwa uongo, akahukumu kwa uongo aliopewa, na watoto wale sita walikula mhogo ule, na mimi pia nikala.

Mama akakaa na kusuka ukili wa mikeka, mpaka ncha za vidole zikapasuka akawa anazipaka mafuta ya nazi kabla ya kulala. Mwaka uliofuata niliacha skuli. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Skuli ilikuwa mbali, na wasichana wengi wa rika langu waliacha. Lakini sisemi pia kwamba siyo sababu.

Jambo moja nililiona baadaye. Mkaza mjomba alipopanda mhogo, pembeni mwa shamba, karibu na kichaka nilikoyatupa, maua yaliota yenyewe mvua iliponyesha. Hakuyapalilia. Yalipokauka aliyachuma, akayafunga kwenye pembe ya kanga, akaja nayo mpaka mlangoni kwetu.

"Wifi," akasema, "mbegu zako."

Mama akazipokea kwa mikono miwili. Alizipanda kwenye debe bovu lenye mche mmoja wa tungule. Na kila mwaka mkaza mjomba alileta, mpaka miguu ilipomkatalia. Kama alijua ni mimi, hakunionyesha. Mama naye hakunitajia hata siku moja, wala alipokuwa kitandani kwake mwisho, nami nikimsugua miguu na kutaka kumwambia. Alinishika mkono tu. Nilidhani ataunusa. Hakuunusa.

Mama, Mjomba na mkaza mjomba, wote watatu wamekwenda mbele ya haki. Lakini hata juzi, kwenye arusi, nilimsikia mtu mzima mwenzangu akisema kwa kicheko, "Mejumaa huyo aliyemng'olea wifiye maua!" Aibu iliyofutwa mbele ya mume wake haikufutika vinywani mwa watu. Mjukuu wa Mejumaa alikuwa amekaa pale pale, akainamisha kichwa. Kwa hiyo naandika, na nitamwambia Rukia amsomee yule kijana: Mejumaa hakung'oa hata jani. Ni mimi.

Mchana nilimweleza Rukia yote haya. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akatoa simu, akalipiga picha lile ua, akaniambia, "Bibi, hapa wamesema ni kweli, yanafukuza wadudu wa mizizini." Kwa hiyo Mama alikuwa sawa, au simu ni sawa, mimi sina elimu ya kuamua. Siku hizi wanauliza kitu wakajibiwa kabla hawajapata haya ya kuuliza. Sisi jibu tulikuwa nalo mkononi, tukalinawa kwa ndimu. Sijui ipi afadhali. Maua yenyewe huyaoni tena mashambani. Mboga wananunua Kona ya Musa, zimefungwa kwenye mfuko, hazina harufu ya udongo wala ya kitu.

Jioni mvua ilipokatika nilikwenda mwenyewe kulisimamisha lile ua, maana maji yalikuwa yamelilaza. Nikalishindilia udongo kwa vidole, si kwa kisigino.

Tumekula sima ya mhogo na mchicha wa nazi, tungule mbili ndani yake. Nilimwambia Rukia tukae kwenye sinia moja. Nilinawa mara moja tu.