Kocha wa Pili wa Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa bingwa wa tenisi wa wilaya nzima ya Kilosa, cheo kilichorahisishwa na ukweli kwamba wachezaji wote wa wilaya tungeenea nyuma ya pikapu moja, na nafasi ya mbuzi ingebaki.

Uwanja wetu ulikuwa Kimamba, kwenye klabu ya zamani ya shamba la mkonge. Walioijenga walikwisha kuondoka, serikali ikarithi shamba, ikalichoka, na ilipofika miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, likauzwa. Ruksa ilituletea kaptula nyeupe za mitumba. Ilituletea pia tajiri aliyekagua uwanja akiwa na viatu vya kisigino, akatangaza kwamba baada ya mechi yetu na Mikumi pale patakuwa maegesho ya malori.

Mechi hiyo ilichezwa kila mwaka dhidi ya mhasibu wa hoteli moja ya Mikumi, mtu wa kitambi na mkono mtamu, ambaye hakuhesabiwa kwenye ubingwa wa wilaya kwa kuwa alikuja kikazi tu. Kaka hakuwahi kumshinda. Sasa alibakiwa na nafasi moja.

Tatizo lake lilijulikana hadi sokoni. Alipoanzisha mpira aliurusha nyuma ya kichwa, akaufuata huko kama mtu anayejikuna mgongo, na mpira ukaishia wavuni. Kocha wake, baba yetu mdogo, hakuliona hilo kuwa kosa, kwani yeye ndiye aliyemfundisha. Kaka alipotaja kijana wa Mikumi ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha kuanzisha mpira tu, baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Mke wa pili naelewa. Kocha wa pili wa nini?"

"Wa kuanzisha tu, baba."

"Na mimi nibaki wa kumalizia?"

Kijana alikuja hivyo hivyo, juu ya lori la vitunguu. Alikuwa mjuzi kweli, na kwao alilelewa vizuri mno. Kila asubuhi alimwamkia kaka shikamoo, akaitikiwa marahaba, na baada ya hapo hakuweza kumwambia mtu mzima kwamba anakosea.

"Umerusha vizuri sana, mzee," alisema mpira ukiwa wavuni. "Labda upepo."

Hapakuwa na upepo. Kilosa mwezi ule hata moshi ulikuwa unasimama.

Aliyetuokoa ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, akawa anatuuzia maziwa klabuni. Kabila lake na letu ni watani, na mtani anaweza kukutukana msibani na bado akapakuliwa pilau. Siku moja alimsikia kijana akinong'ona peke yake, "Anarusha nyuma, anarusha nyuma." Akaweka madumu chini, akamgeukia kaka.

"Wewe mla kunde! Huko nyuma unamrushia nani? Una macho kisogoni?"

Kaka alicheka, akarusha mbele, na mpira ukaingia. Toka siku hiyo tukawa na utaratibu: kijana ananong'ona, mtani anatukana, kaka anajirekebisha. Baba mdogo alisema amezeeka vibaya, kuona bingwa ana makocha watatu na mmoja wao ananuka zizi.

Siku ya mechi nilikuwa refa. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na Mikumi waliniamini kwa kuwa nilimnyima kaka pointi kwa furaha. Mhasibu alivumilia matusi ya pembeni mpaka alipoanza kushindwa.

"Refa! Yule anamfundisha!"

"Anamtukana," nikasema. "Sheria haikatazi."

Kaka akafika mahali ambapo alihitaji pointi moja tu. Akakosa mpira wa kwanza wa kuanzisha. Ukabaki wa pili, wa mwisho. Pembeni kijana akanong'ona, lakini mtani hakuwepo: ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mtu, na alionekana kwa mbali akikimbia na fimbo. Kaka akaurusha mpira, nao ukaanza kwenda nyuma.

"Mbele!" kijana akapiga kelele. "Mbele, wewe!"

Baba mdogo akashika kofia yake. Kaka akaudaka mpira, akamtazama kijana, akaurusha tena, mbele, juu, akaupiga.

Sijawahi kuona mpira ulioanzishwa vizuri namna ile. Kaka naye hakuwahi, ndiyo maana alisimama kuutazama. Mhasibu alinyoosha raketi kwa kujitetea, mpira ukapanda, ukavuka wavu polepole, ukadunda karibu na viatu vya kaka. Kaka bado alikuwa anatabasamu.

Hakupata nafasi nyingine. Mhasibu alichukua pointi zilizobaki, akala kuku wetu, akarudi Mikumi.

"Sasa tutafute kocha wa kukimbia," alisema baba mdogo.

Kijana alikuja kwa kaka akiwa ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee. Nisamehe, nilikuita wewe."

"Marahaba. Mpira ulikuwaje?"

Kijana akainua kichwa. "Mzuri. Ila ulichelewa kutoka pale."

"Hayo ndiyo niliyokulipia nauli," kaka akasema. "Kesho asubuhi."

Asubuhi malori mawili yalikuwa yameshaegeshwa uwanjani. Kaka alipima kwa macho nafasi iliyobaki kati yao, akaenda kusimama kwenye mstari.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema.

"Marahaba."

"Unarusha nyuma."