Ukuta wa Kichwa Chini

Mujukuu wangu alikuwa amekaa mbele yangu, vidole vya miguu yake karibu viguse ungo wangu wa karanga, telefone mukononi, macho yote mule ndani. Ilikuwa ile mvua ya muchana ya hapa Kasongo, inayopiga mabati mpaka watu wanaacha kuzungumza. Miye nilikuwa ninamenya karanga. Mvua ilipopunguza kelele nikamuuliza, bila kuinua kichwa sana:

"Pweza ana mioyo mitatu. Sasa pweza njo nini?"

Aliruka kama mutu aliyekanyaga siafu. Akaangalia telefone, akaniangalia, akageuka nyuma kuona nani ananinong'oneza.

"Koko! Ile maneno umeona wapi?"

"Mu telefone yako."

"Lakini inaangalia kwangu! Kwako iko kichwa chini!"

"Njo vizuri. Ikisimama wima inanichokesha macho."

Alicheka mpaka akamwaga maganda. Lakini sikuwa ninafanya muzaha. Wewe unayenisoma, ukinipa karatasi leo, nitaigeuza kichwa chini kwanza, halafu nitaisoma bila kukwama. Kanisani kuna wamama walioniona nimeshika kitabu cha nyimbo namna hiyo, wakaambiana kwamba ninakishika tu ili nionekane. Niliwaacha. Wao walikuwa wanashika vyao wima na bado walikuwa wanaruka ubeti.

Huyu mujukuu ni mutu wa kuuliza, na ninajivuna naye, sifichi. Wenzake wanamaliza mega zao za telefone kwa kuangalia watu wanaocheza. Yeye anafungua kurasa za watu wanaoeleza mambo: kwa nini kitunguu kinaliza, kwa nini kuku hana meno, kwa nini mwezi hauanguki. Zingine ni za uongo, ninazitambua haraka, maana zinaanza kwa kukutisha na zinamaliza kwa kukuuzia dawa. Zingine ni nzuri. Kiswahili cha kurasa hizo ni kile cha Tanzania, kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, lakini ninakipata.

Aliniuliza nilijifunzia wapi kusoma kichwa chini. Nikamwambia, kwa ukuta wa jirani.

Nilizaliwa upande wa Wamaza, kule Kabambare. Baba alinipeleka masomo, lakini mwaka haukuisha. Mama alizaa tena, nikatolewa ili nimubebe mutoto. Mwalimu alikuja mpaka kwetu kuuliza niko wapi. Baba alimupa kiti, akamupa muhogo wa kuchoma, akamwambia, "Herufi alizopata zinamutosha." Mwalimu alikula muhogo akaenda. Hivyo ndivyo masomo yangu yalivyokwisha.

Mume wa jirani yetu alikuwa muchuuzi. Alikuwa na kinga, ile baiskeli nzito ya chuma, na alikuwa anaisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Alikuwa anakuja Kasongo, anarudi na sabuni, chumvi ya duka na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, vyote vimefungwa katika karatasi za magazeti ya zamani. Sabuni ilikuwa ya kuuzwa. Karatasi zilikuwa za muke wake. Alikuwa anazinyoosha kwa kiganja, anapika uji muzito wa muhogo, anazibandika kwa ukuta wa ndani ili udongo usichafue nguo za wageni. Nyumba yake ilinuka ndakala na uji uliochacha, na hakuna nyumba nyingine niliyoitamani kama ile.

Kusoma hakujua, na hakuona haya. Karatasi zenye picha alizibandika sawa, kwa sababu hata yeye alijua kichwa cha mutu kinakaa juu ya shingo. Lakini hizo zilikuwa za Kifaransa. Zile za Kiswahili hazikuwa na picha. Alitazama tu, akaona upande mumoja una herufi kubwa nyeusi na upande mwingine una herufi ndogo ndogo kama sisimizi, akafikiri kama mujenzi. Kitu kizito kinakaa chini. Huwezi kuweka mawe juu ya majani. Kwa hiyo vichwa vyote vya habari vilikaa karibu na sakafu, na maneno madogo yakapanda kuelekea dari. Alikuwa anatazama kazi yake, mikono kiunoni, na kusema ukuta umesimama vizuri.

Miye nilikuwa na mutoto mugongoni na herufi zangu chache. Mwanzo niliinama, kichwa katikati ya magoti, nisome kama nilivyofundishwa. Mutoto aliteleza mpaka shingoni na kulia. Jirani alikuwa anakata sombe, yale majani ya muhogo, mulangoni akinitazama.

"Weye binti, unatafuta nini chini ya nguo yako?"

"Ninasoma, mama."

"Unasoma kwa matako? Simama! Utamwaga mutoto wa wenyewe."

Basi nikasimama. Nikayaacha macho yajifunze yenyewe. Ilichukua muda. Siku moja nikaona neno limekaa mahali pake kabla sijafikiri kuligeuza, na tangu siku ile halikugeuka tena.

Neno lenyewe lilikuwa chumvi. Karibu na goti langu, kwa herufi nzito, ukuta uliuliza: KWA NINI MAJI YA BAHARI YANA CHUMVI?

Nataka uelewe kwa nini nilishikwa na swali lile. Bahari sikuijua. Chumvi niliijua. Koko yangu, mama ya baba, alikuwa anaitengeneza. Chumvi ya duka ilikuwa ya wageni, na ya kila siku ilikuwa ile ya koko. Alikuwa anaingia peke yake mu kinamasi kukata majani ya maji, maana kulikuwa na ruba na nyoka na hakutaka watoto mule. Tuliyaanika, tukayachoma, na moshi wake ulikuwa mweupe na mutamu, ulikaa katika nywele mpaka ukaoge. Majivu yaliingia mu chungu chenye matundu chini. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji juu yake polepole na kungojea yadondoke, mekundu kama chai, halafu kulinda moto yakichemka mpaka yabaki ukoko wa kijivu. Siku nzima, macho yanauma, kwa chumvi ya kujaza jani moja la mugomba. Sasa ukuta unaniambia kuna maji yasiyo na mwisho, na yote yana chumvi, na hakuna aliyechoma hata jani moja. Nani alifanya kazi ile? Nilikasirika, kusema kweli.

Nikaanza kusoma. Habari ilipanda. Karatasi ya chini ilieleza ukubwa wa bahari na jinsi watu wa meli wanavyoweza kufa kwa kiu juu ya maji. Ya pili ilibandikwa juu yake, na kwa kuwa nilikuwa mufupi niliishia katikati. Nilipanda juu ya kinu nikapata mistari mingine. Maneno ya mwisho niliyoyaona yalikuwa haya: "Wenye akili wamechunguza jambo hili, nao wamegundua kwamba". Kutoka pale kwenda juu kulikuwa na kichanja cha jirani, ule utaa wa juu ambapo alikausha mbegu za mahindi. Jibu lilikuwa nyuma ya mahindi. Niliomba aondoe. Akaniuliza kama chumvi ya bahari ilikuwa inamukosesha mutu usingizi huko kwetu. Nilisema ndiyo. Alicheka akaniongezea kipande cha muhogo. Mbegu hazikuondoka.

Halafu binti yake wa kwanza akapata muchumba. Watu wa upande wa pili walikuwa wanakuja na mbuzi, na jirani akaamua nyumba ikandikwe upya, ndani na nje, kwa udongo mweupe. Karatasi zilikuwa zimepauka, alisema zinamutia haya. Niliposikia nilikimbia na mutoto mugongoni, nikamukuta na wamama wengine wamekwisha kukanyaga udongo, miguu myeupe mpaka magotini.

"Mama, ngoja kidogo. Sijamaliza."

"Kumaliza nini?"

"Ukuta."

Wamama walicheka mpaka mumoja akakaa chini mu udongo. Jirani hakucheka. Akasema, udongo ukimudondoka vidoleni, "Kichanja tumeshusha. Kinu kiko pale. Soma upesi, udongo unakauka." Na tena akawageukia wenzake, "Nyamazeni, mutoto anasoma."

Walinyamaza kweli. Hakuna mutu aliyewahi kuninyamazia kabla ya siku ile. Nikapanda kinu. Nikaanza kwa sauti, "Wenye akili wamechunguza jambo hili, nao wamegundua kwamba", nikainua macho.

Mende walikuwa wamefika kabla yangu. Ule uji wa muhogo waliupenda, na gizani nyuma ya mahindi walikula uji na karatasi pamoja. Palibaki udongo mutupu na kingo zenye meno meno.

"Kwamba nini?" wamama wakauliza. Sasa na wao walitaka kujua.

"Mende wamekula."

Nilishuka. Jirani aliniwekea kiganja cheupe kichwani, alama ikabaki, halafu wakaanza kukandika. Walianzia chini. Neno chumvi lilikwenda la kwanza.

Nilimwendea koko yangu mutoni, alikuwa anasuuza chungu cha majivu. Nikamuuliza yeye. Akasema bila kugeuka, "Kila siku ninamwaga maji ya majivu yangu hapa. Unafikiri yanaenda wapi? Leta kuni." Usianze kusema koko alijua. Hakujua. Alitaka kuni.

Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikalima. Swali halikunitesa, wala sikulilia. Lilikaa tu, kama jiwe dogo mu kiatu ambacho huvai kila siku. Chumvi ya duka ilijaa, na koko alipokufa hakuna aliyeingia tena mu kinamasi. Nyumba ya jirani ilianguka, wakapanda muhogo pale.

Yote hayo nilimueleza mujukuu wangu, mvua ikiwa imekwisha na maganda yakiwa yameenea chini. Alikuwa ameacha kucheka.

"Na leo bado hujui, koko?"

"Nani angeniambia?"

Akaandika kwa vidole viwili. Rezo ya telefone ilikwenda ikarudi. Niliona mikono yangu imesimama juu ya karanga, nikaiamuru iendelee. Ukurasa ukafunguka, na sikungojea anisomee. Mvua inalamba mawe ya inchi kavu na kutoa chumvi kidogo kidogo. Mito inaibeba mpaka baharini. Jua linakausha maji, chumvi inabaki.

"Basi?" nikauliza.

"Basi, koko."

"Ata Lualaba inabeba?"

"Ata Lualaba."

Jibu lilikuwa fupi kuliko muda wa kupanda juu ya kinu. Nilimenya karanga kadhaa. Maji ya majivu ya koko yalinijia, yakishuka mekundu mu kijito. Nikayaacha yapite.

Lakini mujukuu wangu alikuwa ameshaiacha bahari. Chumvi ya majani ilimushangaza kuliko pweza. Alitafuta. Akapata watu wa mbali wanaochoma majani yao, na wengine wanaochota chumvi mu maziwa yaliyokauka, na picha nzuri. Ya kwetu hakuipata. Alijaribu kwa Kifaransa, akajaribu kwa Kiswahili.

"Haiko, koko. Kwa hiyo sema weye. Nitaandika, nitume ku ukurasa moja unapokea habari za watu. Ile majani njo gani?"

Nikamutajia mawili, kwa majina ya Kibangubangu, lugha ya kwetu. Halafu nikafika kwa lile la mwisho. Kulikuwa na jani ambalo koko alilitia kidogo tu juu ya mengine, na bila lile chumvi ilikuwa chungu mpaka inaharibu mboga. Alikuwa analileta limekwisha kukunjwa mu kanga yake. Jina lake sikulijua. Umbo lake sikuliona likiwa bado bichi. Miaka yote ile nilikaa kando ya chungu kile, kichwa changu kiko baharini, na yule aliyejua alikuwa amekaa pale pale, mukono ungemufikia. Sikumuuliza.

"Sijui," nikamwambia.

Aliinua macho. Hajazoea neno hilo kutoka kwangu.

"Niandike nini sasa?"

"Andika ile najua."

Akaandika, kichwa kimeinama, na miye nikasoma kutoka upande wangu, kutoka chini kwenda juu, polepole kama zamani. Yote yalikuwa mahali pake: kinamasi, moshi mweupe, chungu chenye matundu, maji mekundu. Nikafikiri labda mahali fulani kuna mutoto atakayepanda mpaka kwa jani lile na kukwama. Kwenye jani la mwisho aliweka nukta tatu, akaendelea. Kwa upande wangu zilionekana kama mende watatu, wamefika kabla yetu.